Figo Zinapovuja: Tezi ya Shingo kwa Mtoto Mwenye Uvimbe

Katika vijiji vya Mkoa wa Singida, mtoto aamkaye asubuhi kope zimevimba hupewa jina la ugonjwa wake kabla hajafikishwa zahanati. Jirani mmoja husema ameumwa na mdudu usiku, mwingine husema ni minyoo, na wako ambao huona mkono wa mtu. Katika zahanati yenyewe, ambako miaka ya ukame imewazoesha watumishi kuona watoto waliovimba kwa kukosa chakula bora, jina linaloandikwa kwanza aghalabu ni kwashiakoo. Mara nyingi jina hilo huwa sahihi. Lakini wako watoto ambao walikuwa wakila vema uji, maziwa, na ugali wa uwele kwa mlenda, na hata hivyo uvimbe ukazidi wiki hata wiki mpaka miguu ikajaa na tumbo likatanda. Watoto hao figo zao zinavuja.

Kwamba figo zikivuja mwili hupoteza protini ni jambo linalojulikana na kila mganga. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba pamoja na protini hiyo huondoka homoni ya tezi ya shingo, iitwayo thairoidi. Homoni hiyo ndiyo inayosimamia ukuaji wa mwili na, kwa mtoto mchanga, ujenzi wa ubongo. Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa wa kiungo kilichoko kiunoni unavyoisumbua tezi iliyoko shingoni, na kwa nini katika Singida jambo hilo haliwezi kutengwa na habari za chumvi.

Chujio na kinachopita

Kila figo ina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja. Kila kimoja ni fundo la mishipa ya damu iliyo myembamba mno, na kuta za mishipa hiyo zina vitundu vinavyopitisha maji, chumvi na takataka za mwili, lakini vikazuia chembe za damu na protini kubwa. Kwa mtu mzima vichujio hivyo hupitisha maji kiasi cha lita 180 kwa siku moja, na karibu yote hurudishwa katika damu. Kinachobaki ni mkojo wa lita moja au mbili.

Protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu ni albumini. Kazi yake mojawapo ni kuyavuta maji yabaki ndani ya mishipa. Katika ugonjwa uitwao nefrosi, kuta za vichujio huharibika na albumini hupita. Mkojo hutoa povu jingi lisilokwisha upesi. Albumini katika damu, ambayo kwa kawaida huwa gramu 35 hadi 50 katika lita moja, hushuka chini ya 30, na kwa watoto wengi hushuka zaidi ya hapo. Maji hutoka katika mishipa na kujaa chini ya ngozi. Asubuhi huonekana usoni, jioni huonekana miguuni.

Nefrosi ya watoto huanza zaidi kati ya umri wa miaka miwili na sita, na wavulana huugua zaidi kuliko wasichana. Chanzo chake mara nyingi hakionekani. Katika Afrika ya Mashariki iliwahi kuonekana kwamba malaria ya aina moja, ile ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72, ilikuwa chanzo kikubwa. Mtafiti wa Uganda, J. W. Kibukamusoke, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1973. Tangu wakati huo aina hiyo imepungua sana. Ugonjwa huu usichanganywe na ule wa figo unaofuata vidonda vya ngozi au koo, ambao mkojo wake huwa mwekundu kama chai ya rangi na ambao kwa watoto wengi hupona katika majuma machache.

Homoni na wachukuzi wake

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Huchukua iodini kutoka katika damu na kuiunganisha na protini ili kutengeneza homoni mbili, ambazo iliyo nyingi zaidi ni thairoksini. Homoni hizo zikipungua, moto wa mwili hufifia: mtoto huwa mzito wa kucheza, huhisi baridi wenzake wanapoona joto, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, na urefu wake husimama.

Thairoksini haisafiri peke yake katika damu. Hubebwa na protini tatu, na mchukuzi wake mkuu ni globulini maalumu ambayo hubeba karibu robo tatu ya homoni yote. Albumini nayo hubeba sehemu. Katika kila chembe 10,000 za thairoksini zilizomo katika damu, ni chembe tatu hivi tu zilizo huru bila mchukuzi, na ndizo hizo chache zinazoingia katika viungo na kufanya kazi. Zilizobaki ni akiba.

Sasa, globulini hiyo ni ndogo kidogo kuliko albumini. Kwa hiyo tundu lililoweza kupitisha albumini haliwezi kuizuia. Mchukuzi na mzigo wake hutoka pamoja katika mkojo, siku baada ya siku.

Mwili hauketi tu kuangalia. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, pituitari, ambayo hupima homoni iliyo huru katika damu. Ikiona imepungua hutoa homoni yake ya kuichochea thairoidi, nayo thairoidi huongeza kazi. Hali hii inafanana na kihenge kilichotoboka chini. Nafaka inavuja usiku na mchana, lakini maadamu mavuno yanaendelea kumiminwa kwa juu, kihenge hakikauki. Ndiyo sababu watoto wengi wenye nefrosi, damu yao ikipimwa, huonekana na kichocheo cha pituitari kilichopanda huku thairoksini iliyo huru ikiwa bado ya kutosha au imepungua kidogo tu. Tezi yao ni nzima. Inafanya kazi ya ziada.

Jambo hili liliwahi kuwapotosha wataalamu kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini madaktari waliona kwamba wagonjwa wa nefrosi wana dalili za upungufu wa thairoidi: moto wa mwili uko chini na mafuta katika damu yako juu. Albert Epstein wa New York, katika maandishi yake ya 1917 hadi 1926, alidhani kwamba hapo ndipo penye shina la ugonjwa, akawapa wagonjwa dawa iliyotengenezwa kwa tezi za wanyama kwa vipimo vikubwa. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1950 ndipo ilipodhihirika kwamba homoni inatoka katika mkojo ikiwa imeshikamana na protini. Miongoni mwa walioonyesha hivyo ni Jacob Robbins na J. E. Rall wa Marekani mwaka 1957. Epstein aliliona tunda akalidhania kuwa mzizi. Hata leo kosa hilo hufanyika: mtoto hupimwa homoni wakati uvimbe umepamba moto, jibu linarudi si la kawaida, naye huandikiwa vidonge vya thairoksini vya maisha yote ilhali kilichohitajika ni kuponya figo. Figo zikiacha kuvuja, vipimo vya thairoidi kwa watoto walio wengi hurudi vyenyewe katika hali ya kawaida.

Kihenge kisichopata mavuno

Yote yaliyosemwa yanategemea sharti moja, kwamba tezi inayo malighafi ya kutosha kufidia kinachopotea. Malighafi hiyo ni iodini, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la madini joto. Mahitaji ni madogo mno: mtoto wa chini ya miaka sita huhitaji mikrogramu 90 kwa siku, na wa miaka sita hadi kumi na miwili mikrogramu 120. Lakini udongo wa nyanda za bara, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, hauna iodini ya kutegemewa, wala mazao yake hayawezi kuwa nayo. Tanzania ilianza mwaka 1986 kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi kwa rovu, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kuliwa iongezwe madini hayo. Tangu hapo chumvi ndiyo njia ambayo kwayo iodini huifikia karibu kila jiko.

Singida iko katika nchi ya maziwa ya chumvi. Singidani na Kindai yako mjini kwenyewe, na kaskazini, chini ya Mlima Hanang, liko Balangida, ambalo chumvi yake imekuwa ikichotwa na kuuzwa kwa watu wa jirani tangu enzi za mababu. Mtu aweza kudhani kwamba penye chumvi nyingi hivyo hapakosi madini joto. Sivyo. Chumvi ya ziwa iliyokauka juani ni chumvi tu mpaka iongezwe iodini kwa makusudi, na ile inayouzwa mnadani kwa kopo au kwa kisado, bila pakiti, haina uhakika huo. Kuitambua ni rahisi: katika kupima, tone la dawa yenye wanga na asidi hudondoshwa juu ya chumvi, nayo chumvi yenye iodini hugeuka rangi ya buluu papo hapo. Isiyo nayo hubaki nyeupe.

Hapa ndipo mtoto mwenye nefrosi hujikuta kati ya amri mbili. Daktari humwambia mama, na kwa haki kabisa, kwamba chumvi ipunguzwe, kwa kuwa chumvi hushika maji mwilini na kuzidisha uvimbe. Mama hutii. Lakini katika kilo moja ya chumvi yenye miligramu 30 za iodini, mikrogramu 90 zimo katika gramu tatu, ambazo ni kama nusu ya kijiko cha chai. Mtoto aliyeachiwa gramu moja tu kwa siku hupata mikrogramu 30, yaani theluthi moja ya mahitaji yake, na zaidi ya hapo nyingine hupotea katika kupika na katika kopo lisilofunikwa. Mtoto huyohuyo ndiye anayemwaga homoni katika mkojo. Kihenge chake kimetoboka chini na huku juu mavuno yamekatwa.

Jibu lake si kumrudishia chumvi nyingi. Ile kidogo anayoruhusiwa iwe ya pakiti yenye madini joto, itiwe mwishoni chakula kikiwa tayari, na ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko. Maziwa na mayai, ambayo hayakosekani katika nyumba nyingi za Singida, huongeza iodini kiasi, ingawa wingi wake hufuata kile alichokula ng'ombe au kuku. Uvimbe ukiisha na mkojo ukiwa safi, hakuna sababu ya kuendelea kumnyima chumvi ya kawaida ya chakula cha nyumbani. Mara nyingi hakuna anayemwambia mama kwamba amri ile imekwisha muda wake, naye huendelea kuishika kwa miaka.

Yapo pia magadi. Mlenda wa Singida na Dodoma hupikwa kwa magadi ili ulainike, na maharage vilevile. Mama anayeambiwa aache chumvi hafikirii magadi, kwa sababu magadi si chumvi kwa ladha wala kwa jina. Lakini magadi yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayoshika maji. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtoto akanyimwa chumvi yenye iodini, ambayo ina faida, na huku akaendelea kupewa magadi, ambayo hayana faida hiyo. Isitoshe, baadhi ya magadi ya kaskazini mwa nchi yana floraidi nyingi. Maji ya visima katika sehemu kadhaa za Singida nayo yana floraidi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, kama meno ya kahawia ya watoto wengi yanavyoshuhudia. Floraidi hutolewa mwilini na figo. Figo zikishindwa kazi, hubaki. Kama inaidhuru thairoidi au la, wataalamu bado wanabishana. Kwamba inadhuru meno na mifupa hakuna ubishi.

Kuhusu uwele, utafiti uliofanywa Darfur nchini Sudan katika miaka ya 1980 uligundua kwamba nafaka hiyo ina vitu vinavyozuia kwa kiasi utengenezaji wa homoni ya thairoidi. Wanyaturu na Wanyiramba wamekula uwele vizazi na vizazi, wala hakuna haja ya kuuacha. Madhara yake huonekana pale tu ambapo uwele ndio chakula cha kila siku na iodini imekosekana. Iodini ikiwepo, vitu hivyo havina nguvu kubwa.

Kumtambua

Ugumu wa kazi ya mganga ni kwamba dalili zinafanana. Nefrosi huvimbisha uso, upungufu wa thairoidi huvimbisha uso, kwashiakoo nayo huvimbisha. Mtoto wa nefrosi huwa mchovu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na asiyekua huenda haoti kwa sababu ya dawa anazomeza. Mzazi huona sura ileile iliyojaa na hawezi kupambanua.

Kidole husaidia. Kikibonyezwa juu ya mfupa wa ugoko kwa muda na kuondolewa, uvimbe wa maji wa nefrosi au wa kwashiakoo huacha shimo linalorudi polepole. Uvimbe wa thairoidi peke yake ni mgumu na hauachi shimo. Kisha mkojo. Mahali pasipo na karatasi za kupimia, mkojo hutiwa katika kineli cha kioo hadi theluthi mbili na kuchemshwa sehemu ya juu. Ukitanda wingu jeupe, matone machache ya asidi hafifu ya siki huongezwa: wingu likitoweka yalikuwa madini tu, likibaki ni protini. Katika nefrosi mkojo huganda kama ute wa yai. Katika kwashiakoo isiyo na ugonjwa mwingine hauna protini ya kiasi hicho. Lakini ngozi ya mtoto huchubuka, nywele hupoteza weusi wake na misuli huwa imekwisha. Ajabu ni kwamba katika kwashiakoo pia mchukuzi wa thairoksini hupungua, si kwa kuvuja bali kwa sababu ini halina cha kumtengenezea.

Kipimo cha homoni hufanyika kwa damu na hakipatikani katika zahanati. Si kila mtoto mwenye nefrosi anayekihitaji siku ya kwanza. Akitibiwa kwa predinisoloni, ambayo kipimo chake cha kuanzia ni miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi 60, walio wengi miongoni mwa wale ambao dawa huwakubali huacha kuvuja katika majuma manne. Dawa hiyohiyo hupunguza kichocheo cha pituitari, kwa hiyo jibu la maabara lililochukuliwa wakati huo lisomwe kwa uangalifu. Isikatizwe ghafla kwa sababu yoyote ile.

Wanaopaswa kupimwa bila kukawia ni wa namna tatu. Wa kwanza ni mtoto ambaye dawa imemkataa na protini inaendelea kutoka miezi kadhaa. Katika Afrika watoto hawa ni wengi kuliko Ulaya. Wa pili ni mwenye rovu, au aliyesimama urefu wake, au ambaye nyumbani kwao hutumika chumvi isiyo na madini joto. Wa tatu, na huyu ndiye wa haraka kuliko wote, ni mtoto mchanga aliyevimba kabla ya kutimiza miezi mitatu. Nefrosi ya kuzaliwa nayo ni adimu, lakini huvuja kwa nguvu kiasi kwamba tezi haiwezi kabisa kufidia, na katika umri huo kila juma ambalo ubongo unakosa thairoksini lina hasara isiyorudishika. Huyo hupewa thairoksini mara moja, hata kabla ya kujulikana kama figo zitatibika. Kwake barabara ya kwenda hospitali ya mkoa, au kilomita 240 hivi kutoka Singida mjini hadi Dodoma, haina budi kusafiriwa.

Mambo hugeuka kabisa figo zikifikia kushindwa kazi. Kwa mtu mzima wa afya, sehemu kubwa ya iodini anayokula, karibu asilimia 90, hutolewa katika mkojo. Figo zikikoma kuchuja, iodini iliyokuwa ikipungua huanza kurundikana, na iodini ikizidi mno tezi hujifunga yenyewe isitengeneze homoni, J. Wolff na I. L. Chaikoff walilieleza jambo hili katika California mwaka 1948. Mtoto anayesafishwa damu kupitia tumboni hupoteza protini katika maji yanayotolewa, na wakati huohuo huweza kufyonza iodini kutoka katika dawa ya kahawia ipakwayo kwenye mpira wa tumboni. Kwa mtoto mchanga dawa hiyo ni bora ibadilishwe kwa nyingine isiyo na iodini. Kwa hiyo ushauri wa kutafuta chumvi yenye madini joto ni wa mtoto ambaye figo zake zinavuja lakini bado zinachuja. Kwa yule ambaye zimeshindwa, chakula chote hupangwa na daktari wake. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na watu wa Singida hawalazimiki tena kufikiria Dar es Salaam peke yake au ng'ambo.

Thairoksini inapoandikwa, hutolewa mara moja kwa siku. Kidonge cha mtoto mchanga husagwa na kuchanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama katika kijiko, si katika chupa nzima ambayo huenda asiimalize. Hupewa asubuhi kabla ya uji, na vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu hungoja saa nne, kwa kuwa huizuia isifyonzwe. Damu hupimwa tena baada ya majuma manne hadi sita. Mkojo ukisafika na kubaki safi, daktari hupunguza dawa na kupima upya. Kwa watoto walio wengi kidonge hicho huachwa, na kadi ya kliniki huandikwa siku kilipoachwa ili asije akaanzishiwa tena na mtu mwingine asiyejua.